Namna ya kupanga ada yako unapoitwa kuwa shahidi mtaalamu wa tiba

Daktari anayepigiwa simu na wakili kwa mara ya kwanza, akiombwa maoni ya kitaalamu kwenye shauri la madai, huwa tayari kwa maswali yote isipokuwa moja: "Ada yako ni kiasi gani, daktari?" Anataja namba iliyomjia kichwani, na namba hiyo inamfuata hadi kizimbani. Ada ya shahidi mtaalamu haibaki kuwa siri yake na wakili. Upande wa pili utaiulizia, jaji ataisikia, na mara nyingine itaandikwa ndani ya ripoti yenyewe. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, kwa mfano, Kanuni ya 26 ya mwenendo wa madai inamtaka mtaalamu aliyeajiriwa kwa ajili ya shauri aeleze katika ripoti yake analipwa kiasi gani, na aorodheshe mashauri yote aliyotolea ushahidi wa kitaalamu katika miaka 4 iliyotangulia.

Kwa hiyo kipimo changu cha ada nzuri ni kimoja: je, unaweza kuisoma kwa sauti mbele ya jaji, mstari kwa mstari, ukaeleza kila namba imetoka wapi?

Hatua ya 1: Jua umeitwa kama nani

Daktari aliyemtibu mgonjwa anaweza kuitwa aeleze alichokiona, alichokiandika na alichokifanya. Huyo ni shahidi wa tukio. Ukweli wa tukio hauuzwi. Kwa mashahidi wa namna hiyo sheria ya shirikisho ya Marekani imeweka posho ya dola 40 kwa siku pamoja na nauli, iwe ni daktari bingwa au mpita njia. Kwingineko daktari hufidiwa muda wake, lakini hata huko ni fidia ya muda uliopotea, si ada ya utaalamu.

Shahidi mtaalamu ni mwingine. Hakumtibu mgonjwa. Anasoma faili, anapima kama matibabu yalifikia kiwango kinachotarajiwa, anaeleza kama kasoro fulani ndiyo iliyoleta madhara. Huyu ndiye anayepanga ada.

Mtego uko katikati. Umeitwa kama daktari uliyemtibu, unajibu vizuri, kisha wakili anakuuliza: "Na kwa maoni yako, daktari wa kwanza alipaswa kuagiza kipimo kile mapema zaidi?" Hapo umeshavushwa mpaka. Mwambie kwa adabu kwamba hilo ni swali la mtaalamu, na kama anataka maoni hayo, mkubaliane kwanza kwa maandishi.

Kama umeajiriwa, soma mkataba wako wa kazi kabla ya kutaja bei yoyote. Hospitali nyingine zinahesabu kazi hii kuwa yao na ada ikalipwa kwao; nyingine zinaruhusu ifanywe ukiwa likizo tu. Kujua hilo baada ya kusaini na wakili ni kuchelewa.

Hatua ya 2: Tafuta sakafu yako

Hapa ndipo penye hesabu, na ndipo wengi wanapojipunja. Tutumie vipimo visivyo na fedha maalumu. Tuseme kliniki yako inaingiza 100 kwa saa. Kati ya hizo, 55 zinakwenda kwenye pango, mishahara ya wauguzi na mapokezi, umeme, bima. Nyingine 5 ni glavu, vitendanishi na vitu vinavyotumika kwa mgonjwa. Kwako zinabaki 40.

Daktari mgeni katika kazi hii anasema, "Mimi napata 40 kwa saa, basi nikitoza 50 nimefaidi." Hakufaidi. Akifunga kliniki saa moja asome faili, pango haliondoki wala mishahara haisimami. Alichookoa ni zile 5 za glavu na vitendanishi. Alichopoteza ni 95. Akitoza 50, maana yake kila saa anailipia ofisi ya wakili 45 kutoka mfukoni mwake.

Sakafu ni 95, basi, na bado kuna mawili ya kuongeza. La kwanza ni bima. Bima yako ya kawaida ya udaktari inalinda kazi ya kutibu; usidhani inafunika kazi ya kutoa maoni mahakamani. Uliza, upate jibu kwa maandishi. Uingereza jambo hili lilipata uzito mwaka 2011, Mahakama ya Juu ilipoamua katika shauri la Jones dhidi ya Kaney kwamba shahidi mtaalamu hana tena kinga ya kutoshitakiwa kwa uzembe na mteja aliyemwajiri. Tuseme bima ya ziada ni 600 kwa mwaka, nawe unatarajia saa 60 za kazi hii. Hiyo ni 10 kwa kila saa. Tumefika 105.

La pili ni muda usiolipwa: barua pepe za kupanga tarehe, kuandika ankara, kukumbushia malipo. Ukikadiria saa moja ya namna hiyo kwa kila saa kumi unazotoza, ongeza asilimia 10. Inakuja 115 na ushee. Chini ya hapo unafanya kazi ya hisani, jambo ambalo si baya, mradi umelichagua mwenyewe.

Daktari wa mshahara asiye na kliniki achukue jumla ya anachopata kwa mwaka, marupurupu na michango ya pensheni ndani yake, agawanye kwa saa anazofanya kazi kweli. Saa za mkataba huwa zinadanganya.

Na kazi ya usiku au Jumapili? Wengine hutoza pungufu, kwa kuwa hakuna mgonjwa aliyekosa huduma. Sikubaliani nao. Jicho lililosoma kurasa 800 usiku ni lilelile la mchana, na bei mbili kwa kazi moja ni ngumu kuieleza ukiulizwa.

Hatua ya 3: Tafuta dari

Kupanda juu ya sakafu kunategemea uzoefu, uchache wa ubingwa wako na ugumu wa shauri. Lakini dari ipo. Palipo na fedha za umma, huenda viwango vimeshapangwa: Uingereza na Wales, ada za wataalamu katika mashauri ya madai yanayogharimiwa na msaada wa kisheria zimo kwenye kanuni za mwaka 2013, na wakili hawezi kuzipandisha kwa kukupenda. Uliza mapema nani anagharimia shauri.

Dari nyingine ni jaji. Marekani, upande wa pili ukitaka kukuhoji kwa kiapo kabla ya shauri kusikilizwa, kwa kawaida upande huo ndio unaokulipa, na kanuni inasema ada iwe ya kiasi. Wakiona umepitiliza, wanakwenda kwa jaji, naye anaweza kuipunguza. Kupunguziwa ada na jaji kunakuharibia zaidi ya fedha zilizokatwa.

Unaweza kuwauliza wenzako wa ubingwa wako wanatoza kiasi gani ili ujue soko. Msikae mkakubaliana bei ya pamoja, maana katika nchi nyingi hilo linagusa sheria za ushindani.

Hatua ya 4: Gawa kazi katika mafungu

Fungu la kwanza ni kazi ya mezani: kusoma faili, kuangalia picha za eksirei na za CT, kupitia machapisho, kuzungumza na wakili, kuandika ripoti. Yote haya yawe na kiwango kimoja cha saa. Nimeona ratiba za ada zenye bei nne tofauti za kusoma, kufikiri, kuandika na kupiga simu. Zinamchosha mwandishi wake, na zinampa wakili wa upande wa pili mchezo wa asubuhi nzima.

Fungu la pili ni kutoa ushahidi, na hapa kiwango cha juu zaidi kinaeleweka kwa sababu isiyo na aibu: siku ya mahakama huipangi wewe. Kazi ya mezani unaweza kuikatisha mgonjwa akizidiwa, ukairudia kesho. Ushahidi hauna kesho yako. Umeondoa wagonjwa wote kwenye orodha, zamu amechukua mwingine, na kizimbani huenda ukakaa dakika arobaini tu. Ndiyo maana mahakamani hakutozwi kwa saa. Toza nusu siku au siku nzima, na nusu siku iwe ndiyo kima cha chini. Hesabu ya siku ni rahisi: saa ambazo kliniki ingefunguliwa siku ile mara kiwango chako, basi. Mahojiano ya kiapo kabla ya shauri unaweza kuyatoza kwa saa, lakini weka kima cha chini cha saa tatu au nne. Kule Marekani kanuni inayaweka ndani ya siku moja ya saa 7 isipokuwa mahakama iamue vingine, kwa hiyo funga siku nzima kwenye kalenda yako hata kama wanakuahidi saa mbili.

Maandalizi ya ushahidi ni kazi ya mezani, yatozwe hivyo. Kusubiri koridoni ni sehemu ya siku ya mahakama. Safari wengi huitoza nusu ya kiwango, mlango kwa mlango. Ukiwa unasoma faili ndani ya ndege, toza kusoma au toza safari, usitoze vyote viwili kwa saa ileile. Nauli na malazi yarudishwe kama yalivyo kwenye stakabadhi, bila nyongeza.

Mazungumzo ya mwanzo, ya kujua shauri linahusu nini na kama kuna mgongano wa masilahi, mimi nayaacha bure. Kwanza nauliza majina ya pande zote, madaktari na hospitali zinazotajwa, kabla sijasikia lolote la ndani. Simu ile ikigeuka kuwa "hebu tuambie unaonaje", saa inaanza kuhesabu.

Hatua ya 5: Malipo ya awali, na kwa nini usimalize kazi ukiwa unadai

Omba malipo ya awali yanayotosha kusoma faili na kutoa maoni ya mdomo. Ili ukadirie, uliza faili lina kurasa ngapi na limepangwa vipi. Kurasa 300 zilizopangwa kwa tarehe na kurasa 300 zilizochanganywa ni kazi mbili tofauti. Saa zikizidi, omba nyongeza kabla ya kuendelea. Zikipungua, rudisha baki. Sehemu isiyorudishwa, kama unaiweka, iwe ndogo na iwe na sababu, mfano muda wa kufungua faili na kuukatalia upande wa pili.

Andika pia kwamba jina lako halitatajwa katika nyaraka zozote za mahakama hadi makubaliano yasainiwe na malipo ya awali yafike. Wapo mawakili wanaotaja jina la bingwa ili kuutisha upande wa pili uelewane mapema, na bingwa mwenyewe hana habari.

Kisha weka vituo viwili vya malipo: kabla ripoti haijatoka mkononi mwako, na kabla hujapanda kizimbani. Watu hudhani hii ni tabia ya kutoamini mawakili. Sababu kubwa ni nyingine. Daktari anayetoa ushahidi huku anadai ankara tatu, na ofisi ya wakili itapata fedha ikishinda tu, ameshakuwa na hisa katika matokeo hata kama mkataba hausemi hivyo. Akiulizwa, "Daktari, wakili huyu anakudai wewe au wewe unamdai?" hana jibu zuri. Anayelipwa kabla anajibu kwa neno moja.

Na maoni ya mdomo yaje kabla ya ripoti. Ukisoma faili ukaona daktari mwenzako hakukosea, wakili wa mdai anahitaji kujua hivyo mapema, kwa gharama ndogo. Ada ya kusema "hakuna shauri hapa" ni ileile ya kusema "kuna uzembe". Usiipunguze kwa huruma.

Hatua ya 6: Kuahirishwa na kufutwa

Mashauri ya madai mengi huisha kwa pande kuelewana, na mara nyingi wanaelewana siku chache kabla ya kusikilizwa, baada ya wewe kufunga kliniki. Hapo ndipo ratiba isiyo na kifungu cha kufutwa inapokuumiza. Mfano unaofaa kuanzia: taarifa ikifika zaidi ya siku 14 kabla, hakuna tozo; kati ya siku 14 na siku 4, nusu; siku 3 au chini, yote. Rekebisha namba hizo kulingana na muda unaokuchukua kuijaza kliniki tena. Daktari wa upasuaji ambaye orodha yake hupangwa wiki sita mbele ana haki ya kudai taarifa ya muda mrefu kuliko daktari wa zamu za dharura.

Mimi huongeza mstari mmoja: nikifanikiwa kupata wagonjwa siku ile, napunguza tozo kwa kiasi hicho. Haulazimiki. Lakini unapunguza ugomvi, na kifungu kinabaki kuwa fidia badala ya adhabu.

Hatua ya 7: Malipo ya kukataa

La kwanza, ada inayotegemea matokeo. Kanuni za maadili za Chama cha Madaktari cha Marekani zinaikataza waziwazi, na mwongozo wa mahakama za madai za Uingereza kwa wataalamu unakataza malipo yanayotegemea matokeo au aina ya ushahidi uliotolewa. Asilimia ya fidia, bonasi ya ushindi, vyote vimo humo.

Lakini hakuna wakili atakayekuletea jambo hilo likiwa na jina lake. Linakuja limevaa nguo nyingine: "Tulipe nusu sasa, nusu tukimaliza." Tukimaliza nini? "Mteja wetu hana uwezo, utalipwa akilipwa." "Tukishindwa utatupunguzia kidogo, si ndiyo?" Kila moja inaifanya fedha yako ifuate hukumu. Ukitaka kumsaidia mdai asiye na uwezo, punguza kiwango tangu mwanzo, kwa maandishi, au fanya bure kabisa.

Kuwa mwangalifu pia na punguzo la jumla kwa ofisi inayokuahidi mashauri mengi. Si haramu yenyewe, ila siku sehemu kubwa ya mapato yako itakapotoka kwa ofisi moja, kila "hapana" utakayotakiwa kuwaambia itakuwa ghali.

Hatua ya 8: Weka kwenye karatasi

Ratiba ya ada iwe ukurasa mmoja wenye tarehe, uleule kwa upande wa mdai na wa mdaiwa. Iambatane na barua ya makubaliano inayotaja kwamba anayewajibika kulipa ni ofisi ya wakili, si mgonjwa. Kifungu cha malipo unaweza kukiandika hivi:

"Ada ni kwa ajili ya muda wangu na haitegemei maoni nitakayotoa wala matokeo ya shauri. Ofisi ya wakili inawajibika kulipa ankara zote ndani ya siku 30, bila kusubiri malipo kutoka kwa mteja wake. Ripoti itatolewa baada ya ankara zilizotangulia kulipwa. Ada ya siku ya mahakama italipwa siku 7 kabla ya tarehe ya kusikilizwa."

Ukipandisha kiwango, pandisha kwa mashauri mapya. Yaliyoanza yaendelee na cha zamani, isipokuwa barua ilisema mapema kwamba kinapitiwa kila mwaka.

Hatua ya 9: Daftari la muda

Andika muda siku ileile. Mawakili wengi hutumia vipande vya dakika 6, yaani sehemu ya kumi ya saa, nawe ukitumia hivyo mtaelewana. Maelezo yawe ya kawaida: "Kusoma kumbukumbu za wodi, ukurasa wa 1 hadi 240, saa 3.2." Usiandike "kuimarisha hoja ya uzembe" au "kuisaidia kesi". Ankara inaweza kuombwa na upande wa pili, na sentensi moja kama hiyo inakutoa kwenye utaalamu na kukuingiza kwenye upande. Usitoze pia muda wa kujifunza mambo ya msingi ya ubingwa wako. Kama unahitaji kujifunza hayo, shauri si lako.

Ukifikia takriban asilimia 80 ya makadirio uliyotoa, mjulishe wakili kabla ya kuendelea. Ankara kubwa ya ghafla ndiyo chanzo cha madeni mengi yasiyolipwa.

Hatua ya 10: Swali la kizimbani

Litakuja hivi: "Daktari, umelipwa kiasi gani kwa maoni haya?" Jibu ni fupi. Hulipwi kwa maoni, unalipwa kwa muda; kiwango ni hiki; hadi leo ni saa kadhaa. Sema namba bila kuzunguka. Jua kabla hujapanda umetoza jumla gani, sehemu gani ya mapato yako ya mwaka inatokana na kazi hii, na mara ngapi umeitwa na wadai ukilinganisha na wadaiwa. Anayesema "sikumbuki" kuhusu fedha zake mwenyewe haaminiki akisema anakumbuka kipimo cha potasiamu.

Hesabu ya sakafu irudie kila mwaka, kwa sababu pango na mishahara havikai mahali pamoja. Kwa kuipima bei sokoni, angalia mawakili wanavyoipokea: wakikubali wote bila hata mmoja kuuliza swali, kuna uwezekano uko chini, wakikuita kwa maoni ya mdomo tu na ripoti wakaipeleka kwa mwingine, huenda umepita dari, au maoni yako hayakuwafaa. Kama ni maoni tu hayakuwafaa, usiguse bei. Ratiba za miaka iliyopita zitunze pamoja na faili zake, kwa kuwa shauri la leo linaweza kukufikisha kizimbani miaka mitatu baadaye, nawe utaulizwa kiwango cha wakati ule.